Kalipa Nyekundu

Kilichonivutia kwanza kwenye ile Corolla 110 kilikuwa kalipa zake nyekundu, vile vyuma vinavyozibana pedi za breki kwenye diski inayozunguka na tairi. Gari lenyewe lilikuwa la kawaida kabisa, rangi ya fedha, namba C, viti vimevalishwa vitambaa. Lakini kupitia matundu ya rimu za mbele uliona wekundu unaometa, nami nikajiambia kwamba mtu anayehangaika kupaka rangi hadi breki ni mtu anayelitunza gari lake. Nikalipa. Sikumwita hata mjomba alitazame, na mjomba wangu ametumia zaidi ya miaka thelathini chini ya magari ya watu.

Miezi mitano baadaye tulikuwa tunatoka Lushoto kwenye harusi ya binti wa shangazi. Anayeijua barabara ile ya kushuka Soni hadi Mombo anajua ninachosema: mwamba upande mmoja, korongo upande mwingine, kona haijaisha nyingine imeanza. Niliacha gia kwenye D, mguu wangu ukawa juu ya breki karibu muda wote. Baada ya Soni tukaanza kusikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua. Mama yangu aliyekaa nyuma akasema labda ni wanakijiji wanachoma taka. Kona chache mbele, nikakanyaga breki na pedali ikaenda chini zaidi ya ilivyozoea, laini, kama ninakanyaga sifongo. Nikaweka gia ya L, nikashika breki ya mkono, tukateremka mwendo wa mtu anayetembea, mpaka Mombo.

Pale njia panda moshi ulikuwa unatoka tairi la mbele kushoto. Kijana mmoja mwema akaja mbio na ndoo ya maji. Dereva wa lori aliyekuwa anakunywa chai akapaza sauti: "Usimwage! Utaipasua hiyo diski! Iache ipoe yenyewe." Tukakaa pale zaidi ya saa nzima, mama yangu kimya, shali ya harusi bado begani.

Niliporudi Dar gereji ya kwanza niliyoiendea ilibadilisha pedi na kunikabidhi gari jioni ileile. Nilizichukua pedi za zamani nikazitazama nyumbani. Za kulia bado zilikuwa na nyama nzuri. Za kushoto, ile ya ndani ilikuwa imebaki bati tupu. Tairi mbili za gari moja, zimetembea barabara moja, moja imekula pedi yake yote na nyingine imekula kidogo tu. Sikuhitaji kuwa fundi kuona kwamba pedi si ugonjwa, ni dalili. Wiki tatu baadaye, kila nikishuka garini naweka kiganja karibu na rimu: kulia vuguvugu, kushoto kama mdomo wa jiko.

Ndipo nikampigia mjomba.

Alikuja Kigamboni Jumamosi asubuhi na boksi lake la spana, akafungua tairi, akachuchumaa mbele ya ile kalipa nyekundu bila kusema neno. Kisha akaingiza ncha ya bisibisi chini ya rangi na kuinyanyua. Ilitoka kipande kizima kama ganda la yai la kuchemsha, na upande wake wa ndani ulikuwa na kutu imeng'ang'ania, unene wa kucha.

"Mama," akaniambia, kwani ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo, "hapa walipaka rangi juu ya kidonda."

Walipuliza kila kitu. Rangi ilikuwa juu ya raba ya vumbi inayoifunika pistoni, ikaikausha raba ile mpaka ikapasuka. Ilikuwa juu ya pini ambazo kalipa inatakiwa iteleze juu yake. Ilikuwa imeziba nipo, kile kichuchu cha kutolea upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki. Mtu aliyeliuza gari hili hakuvua hata bolti moja. Alivua tairi, akatikisa kopo, akapuliza. Nami nililipenda gari kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa asiyejua breki hizi zinavyofanya kazi, nieleze, maana ukishaelewa hapa mengine yote yanakuja yenyewe. Kalipa ya Corolla hii ina pistoni moja tu. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki yanaisukuma pistoni, pistoni inaisukuma pedi ya ndani hadi iguse diski. Ikishagusa, kalipa nzima inateleza juu ya pini zake mbili na kuivuta pedi ya nje, diski inabanwa pande zote mbili. Uzuri wake uko kwenye kurudi. Hakuna springi inayoirudisha pistoni. Ndani ya shimo lake kuna raba moja, pete yenye kona nne, ambayo hujipinda kidogo pamoja na pistoni unapokanyaga, na ukiachia hujinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kiasi cha unywele. Unywele huo ndio tofauti kati ya tairi linalozunguka huru na tairi linalochemka. Pistoni ikishika kutu, raba haina nguvu ya kuirudisha. Pini zikikauka, kalipa hairudi. Pedi inabaki imelala juu ya diski, inasuguana nayo njia nzima, na joto linaingia kwenye mafuta.

Mafuta yenyewe yana tabia moja ambayo wenye magari wengi hatuambiwi: yanavuta unyevu kutoka hewani. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta ya breki, ikiwa mpya kabisa inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishakunywa maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwika, tofauti na mafuta. Ule ulaini wa pedali kule Soni ulikuwa mvuke.

Nilimwambia mjomba kwamba bado nazitaka kalipa zenye rangi. Nilidhani atanikatalia. Akasema rangi ni jambo jema, chuma cha kusubu kinakula kutu haraka, na sisi wa Kigamboni tunaishi na chumvi. Gari linapanda pantoni, linarushiwa maji ya bahari, upepo wa bahari unapiga usiku kucha. "Lakini rangi mwisho," akasema. "Ukianza na rangi hutafungua tena."

Tulitumia Jumamosi tatu. Gari lilikaa juu ya stendi imara nne, si juu ya jeki wala matofali. Hilo mjomba hakulijadili. Nati za tairi soketi namba 21, bolti za kalipa spana ya 14, za kile kibebeo cha pedi 17. Kazi ya kwanza ilikuwa kuosha vumbi la breki kwa maji ya sabuni na brashi. Mafundi wengi mitaani hulipuliza kwa kompresa, wingu jeusi linapanda usoni mwao, wanakohoa na kuendelea. Kuna pedi za zamani zilizokuwa na asbesto, na huwezi kujua kwa macho gari lilifungwa nini huko lilikotoka. Lilowanishe vumbi. Naomba sana kwa hili.

Pistoni ya kushoto tuliitoa kwa pedali yenyewe, kabla hatujafungua hosi, ule mpira unaoleta mafuta kwenye kalipa. Mjomba alivua pedi, akaweka kipande cha mbao ya mninga ndani ya kalipa ili pistoni isirukie nje na vidole visikatike, akaniambia nikanyage polepole. Kulia ilitoka kwa mikanyago michache. Kushoto pedali ilikataa. Nikakanyaga tena, nikasikia mlio mfupi, kama mlango wa kabati la zamani, halafu mlio mwingine, halafu mbao ikagonga. Nilishuka kutazama. Pistoni ilikuwa imesimama nusu, na kiunoni mwake, pale raba ilipopasuka, kulikuwa na mkanda wa kutu kahawia uliozunguka wote, mbaya, wenye vishimo unavyovisikia kwa ukucha. Chini ya mkanda huo pistoni iling'aa kama kioo. Mkanda wa upana wa kidole ndio uliotaka kututupa korongoni.

Msasa hauponyi pistoni yenye vishimo. Ukiisugua unaondoa ngozi yake ngumu ya kromu na kutu inarudi upesi zaidi. Tuliinunua nyingine kwenye maduka ya spea mtaa wa Gerezani, pamoja na ripea kiti, ile pakiti ya raba, kwa tairi zote mbili za mbele. Muuzaji wa kwanza alinipa raba akisema, "Dada, hii jenuini." Mjomba akaiminya kati ya vidole, akaikunja, akamrudishia kwa heshima na tukaenda duka la tatu. Gharama ya zile raba ilikuwa chini ya mafuta ya kwenda na kurudi Lushoto.

Hapa kuna kosa ambalo nimeliona gereji zaidi ya moja, na linaniumiza kwa sababu linafanywa na watu wanaojituma: kuosha kalipa kwa petroli. Petroli, dizeli, oili ya injini na grisi ya kawaida huzivimbisha raba za breki. Zinalainika, zinatanuka, pistoni inakwama, na fundi anasema raba zilikuwa feki. Sehemu za ndani zioshwe kwa mafuta mapya ya breki au spiriti safi, basi. Na pini zipakwe grisi ya silikoni inayotengenezwa kwa ajili ya breki.

Kutu ya nje ndiyo iliyonila mikono. Vile vibebeo vya pedi, ambavyo havina pistoni wala raba, nilivizamisha kwenye beseni la siki usiku kucha. Asubuhi siki ilikuwa nyeusi na chuma kimekuwa kijivu, kutu inatoka kwa brashi ya waya kama tope. Nikavisuuza kwa maji ya magadi kuua ule ukali wa siki, nikavikausha palepale, kwa sababu kwa hewa ya huku chuma kitupu kinaanza kuwa chekundu kabla hujamaliza kunywa chai. Kalipa zenyewe sikuzizamisha. Nilizisugua kwa brashi na msasa namba 80, kisha 120, shimo la pistoni nimeliziba kwa kitambaa safi. Beseni moja niliandika kwa chaki KUSHOTO na lingine KULIA. Kalipa mbili zinafanana mno, na ukizibadilisha upande zinafunga vizuri tu, ila nipo ya upepo inakuja chini badala ya juu; upepo hupanda juu, kwa hiyo hutautoa hata ukanyage hadi kesho.

Sasa rangi. Vijana wanauliza kwa nini kila mtu anapaka nyekundu, na nadhani jibu liko Italia: Brembo, kampuni iliyoanzishwa karibu na Bergamo mwaka 1961 na kuanza kuwatengenezea Ferrari breki mwaka 1975, ndiyo iliyoizoesha dunia kuona kalipa nyekundu kwenye magari ya kasi. Wekundu ukawa ishara ya nguvu. Lakini nguvu ya kalipa zile iko kwenye pistoni nne au sita na diski pana, si kwenye kopo. Kuna hata vifuniko vya plastiki vyekundu vinavyobandikwa juu ya kalipa ya kawaida, na hivyo sivishauri kwa yeyote, kwani vinazuia hewa inayopaswa kuipoza.

Mjomba akaniuliza nataka rangi gani. Nilikuwa nimejiandaa kusema nyekundu, kwa ukaidi. Akasema kazini kwao zamani walipenda kupaka vifaa vya mafuta rangi ya mwanga, ili kikivuja kionekane. Nikakaa kimya. Mafuta ya breki ni adui wa rangi. Yakidondokea bodi ya gari yanaichubua hadi kwenye bati. Basi kalipa iliyopakwa rangi safi ya mwanga ni shahidi: ikivuja, rangi itavimba pale pale panapovuja, ikishika moto kuliko mwenzake, itageuka kahawia upande huo peke yake. Ile nyekundu niliyoipenda ilificha kila kitu. Nikanunua kijivu cheupe, ya kopo, ile inayotengenezwa kwa ajili ya injini na breki, iliyoandikwa kuvumilia nyuzi 260. Rangi ya kawaida ya bodi au ya geti haifai; kalipa ikichemka inalainika, inanata vumbi, kisha inabanduka.

Nilifunika kila mahali pasipotakiwa rangi, na kufunika kulichukua muda mrefu kuliko kupuliza. Shimo la pistoni. Mashimo ya pini. Nipo na tundu la hosi. Vile vitako ambamo masikio ya pedi yanakaa na kuteleza, kwa sababu unene mdogo tu wa rangi pale unatosha kuibana pedi, na utakuwa umeurudisha ugonjwa uleule. Kwenye diski nilipaka ukingo na kofia yake ya katikati kwa upande tu; pale inapokutana na rimu niliacha chuma kitupu, maana rangi ikikaa katikati ya vyuma viwili vilivyokazwa husagika polepole na nati zinalegea. Dramu za nyuma nilizipaka nje peke yake.

Nilifuta kila kitu kwa tina, nikavitundika kwa waya kwenye kamba ya nguo, nikapuliza saa tatu asubuhi kabla upepo wa baharini haujanyanyua vumbi. Praima kwanza, kisha rangi mara nne, nyepesi nyepesi, nikipumzika dakika kumi kati ya mara na mara. Mara ya kwanza utaona chuma bado kinaonekana na mkono utakuwasha uongeze. Usiongeze. Niliyoiongeza ilitiririka na kuacha chozi, nikalazimika kuisugua na kurudia. Jua la Februari lilivikausha siku nzima juu ya bati.

Mjomba ndiye aliyefunga raba na pistoni, kwa vidole vitupu na mafuta mapya ya breki, bila chuma chochote kugusa raba. Pistoni iliingia kwa kusukumwa na gumba lake moja. Nikamwomba aitoe na kuirudisha tena ili nione. Ile ya zamani ilikuwa imekataa mguu mzima wa mtu.

Kutoa upepo tulifanya jioni, tukianzia tairi la nyuma kushoto lililo mbali zaidi na masta silinda, pampu kuu ya mafuta ya breki, mwanangu akiwa kwenye usukani, mjomba chini na chupa na mpira mwembamba unaoonyesha ndani.

"Bonyeza."

"Nimebonyeza."

"Shikilia hapo hapo!" Nipo inafunguliwa, mafuta yanatoka, nipo inafungwa. "Achia."

Yalitoka meusi kama chai iliyosahaulika jikoni. Kwenye tairi la nne yakaanza kuja meupe kama asali changa, bila povu, na mwanangu akasema pedali imekuwa ngumu. Nati za tairi tulikaza kwa spana ya kipimo, nyutoni-mita 103, mkazo wa Toyota kwa gari hili. Kabla ya kuingia barabarani nilikanyaga breki mara nyingi gari likiwa limesimama, ili pistoni zisogee hadi kwenye pedi. Anayesahau hili mkanyago wake wa kwanza unaenda hadi sakafuni. Kisha tukatafuta barabara tulivu upande wa Kibada, nikasimamisha gari kutoka mwendo wa 50 mara kumi hivi, taratibu, bila kuacha pedi zimebana diski ya moto. Niliposhuka nikaweka kiganja kulia. Nikazunguka, nikaweka kushoto. Sawa.

Sikushauri mtu afanye kazi hii peke yake mara ya kwanza. Kuwa na mtu aliyewahi, au baada ya kumaliza mpelekee fundi unayemwamini akague kabla hujabeba watoto. Nilikuwa na mjomba, na bado usiku ule niliamka mara mbili kwenda kumulika tochi sakafuni kama kuna tone.

Masika yalipokwisha nilivua tairi za mbele kuangalia. Kushoto rangi ilikuwa ileile, imechafuka tu. Kulia, chini kidogo ya bolti ya hosi, kulikuwa na lengelenge dogo kama la mtu aliyeungua na mafuta ya maandazi. Nilipoligusa likabanduka, chini yake kidole kikalowa. Nikakumbuka: zile washa, pete za shaba nyekundu zinazokaa pande mbili za bolti ya hosi, tulinunua tatu badala ya nne, na moja ya zamani tukairudishia kwa kuwa ilionekana nzima. Ndiyo hii. Kwenye kibuyu cha mafuta kiwango hakikuwa kimeshuka kiasi cha kutambulika, na sakafu ilikuwa kavu.

Nilimpigia mjomba nikamweleza. Akauliza tu, "Umeliona kwa nini?"

"Kwa rangi, Mjomba."

Nimebadilisha washa zote nne, nikatoa upepo tena, nikasugua lile doa na kulipaka kwa brashi ndogo ya mwanangu ya kuchorea shuleni. Linaonekana kidogo, ni jeupe zaidi ya pembeni yake. Jumamosi ijayo navua tena tairi lile la kulia nilitazame.